Zamu ya Nyumba Mia na Nane

Siku manispaa walipoleta vibao vya namba mtaani kwetu, fundi alianzia kule chini kwenye duka la dawa akawa anapanda upande wetu, mia, mia na mbili, mia na nne, anatoboa ukuta, anakaza skrubu, watoto nyuma yake wakisoma kwa sauti kama wako darasani. Alipomaliza kwa Ña Zunilda, mia na sita, watoto wakaanza kucheka wakiziba midomo. Walijua inayofuata ni ipi. Na nyumba inayofuata ilikuwa ya Don Cantalicio, mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Yangu ni ya baada ya hiyo.

Kwetu Paraguay namba mia na nane hakuna anayeitaka. Nilikuwa msichana, zamani zile za utawala wa jenerali, mtangazaji mmoja wa redio alipouawa, na polisi wakazoa wanaume wakidai wote ni wa tabia moja, wale wanaopenda wanaume wenzao. Ilisemwa walikuwa mia na nane. Tangu hapo namba ikawa tusi. Mchezaji mpira haivai mgongoni. Hoteli ina chumba mia na saba, kisha mia na tisa. Mtoto akikataa kupigana shuleni wenzake humwita mia na nane, na hakuna hata mmoja wao anayejua imetoka wapi.

Don Cantalicio alitoka nje na jagi la maji yenye barafu na pembe yake ya kunywea tereré, chai yetu baridi ya majani ya yerba, akamkaribisha fundi kivulini. Wakanywa kwa zamu, wakaongea chini chini. Mimi nilikuwa nafagia majani. Fundi alipoinuka alimpigilia Don Cantalicio mia na kumi, akahamisha ngazi kwangu bila kunitazama, akanipigilia mia na nane. Nikamuuliza, baba, shuleni kwenu mlihesabu hivyo? Akasema mama, mimi sipangi, mimi nakaza skrubu. Hivyo ndivyo mtaa wetu unavyosomeka: mia na sita, mia na kumi, mia na nane, mia na kumi na mbili, na mleta gesi anapita anarudi, anapita anarudi, kama mtu aliyepoteza ng'ombe.

Don Cantalicio alikuwa amesimama mlangoni kwake anatazama kazi ikiisha.

"Usichukie, Ña Deolinda," akaniambia, kwa upole kabisa. "Kwako inakaa vizuri zaidi."

Alikuwa anamsema Derlis, mjukuu wangu. Derlis nimemlea mimi tangu mama yake alipokwenda Buenos Aires kufanya kazi za ndani. Anatengeneza friji na feni hapo kwenye banda la mbele, na Jumapili anapiga gitaa kanisani. Arnaldo ni mwenzake, kijana wa kusambaza maziwa, mtu wa maneno machache. Alikuwa anakuja Jumamosi jioni, anapitia mlango wa nyuma, kwenye migomba, na alfajiri anatoka kwa mlango huohuo. Mtaa mzima ulijua. Wanawake wakiniuliza habari za rafiki yake Derlis walikuwa wanatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, nami nawajibu hajambo. Tuliishi hivyo. Ilimradi jambo halisemwi, lilikuwa kama halipo, na friji zao ziliendelea kuletwa zitengenezwe.

Kibao kikalisema. Wavulana wakaanza kupiga miluzi wakipita. Siku moja nimepiga simu duka la dawa waniletee vidonge vya presha, kijana akaniuliza namba ya nyumba, nikamtajia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikasikia anamwita mwenzake, njoo usikie bibi huyu, na nikaombwa niseme mara ya tatu. Nikasema. Sina haraka mimi. Dawa ililetwa, wamebandika karatasi, "mia na saba na nusu".

Nilimwambia Derlis naweza kuning'iniza chungu cha maua pale mbele, maua yatashuka yatafunika. Akasema, "Kiache, Bibi. Kimeshasomwa." Akachukua kitambaa chake cha kazi akakifuta vumbi.

Sasa nije kwenye lile lililonikaa moyoni. Kwenye kanisa letu dogo kuna sanamu ya Bikira Maria, mfano wa yule wa Caacupé tunakohiji, joho la buluu, ndani ya kisanduku cha kioo. Huyu hatulii kanisani. Anatembelea nyumba, wiki moja hapa, wiki moja pale. Nyumba aliyomo, majirani wote huja kila jioni kusali rozari, na mwenye nyumba huwapa chipa, vimkate vya wanga wa muhogo na jibini, na kikombe cha chai ya yerba iliyounguzwa na sukari. Nyumba ni nyingi, zamu inachelewa. Mara ya mwisho alipolala kwangu, mume wangu alikuwa hai na mama yake Derlis ana mimba. Kwa miguu hii niliyonayo nilijua hiyo inayokuja ndiyo ya mwisho, na sikuwa na ombi jingine kwa Mungu ila hilo, aje, akae kwangu wiki yake kama anavyokaa kwa wengine.

Kamati ilitangaza kwamba kwa kuwa sasa tuna namba, Bikira atatembea kwa namba, kusiwe na ugomvi. Akafika kwa Zunilda, mia na sita. Inayofuata mia na sita ni ipi? Hata kuku anajua.

Nikafua kitambaa changu cha meza, kile cha pamba cha kutarizi nilichoolewa nacho. Nikamwambia Derlis atafute wanga mzuri wa muhogo na jibini ya chipa. Tulikuwa jikoni, mimi namenya muhogo, yeye anakaza nyuzi za gitaa.

"Bibi," akasema, "wiki hiyo Arnaldo atakuwa sebuleni. Yeye ndiye atakayegawa chai. Hatapitia nyuma."

Nikaendelea kumenya. Nikamwambia watu hawatakuja.

"Wasije, basi. Lakini wasije wakijua ni kwa nini."

Nilifikiri mpaka maji yakachemka. Kisha nikamwambia amwambie Arnaldo aje na shati safi, lenye kola.

Habari hiyo nilimpelekea Zunilda mwenyewe, asije akaisikia kwa wengine. Zunilda ni mama wa ubatizo wa Derlis, ndiye aliyemshika kwenye maji akiwa hana hata jino, na mimi naye tunaitana komadre. Kila asubuhi tulikuwa tunakunywa tereré pamoja barazani kwake. Siku hiyo Bikira alikuwa ndani, tunamwona kupitia dirishani. Nikamweleza. Akajaza pembe maji, akanywa, akajaza tena akanywa mwenyewe, zamu yangu akaisahau.

"Komadre, lazima useme?" akaniuliza. "Mungu si anajua tayari?"

Nikamjibu kwamba kama Mungu anajua, kuna ubaya gani na Cantalicio akijua. Siku zote Zunilda hucheka nikimtaja Cantalicio. Siku hiyo hakucheka.

Hazikupita siku nyingi, Don Cantalicio akaja, kofia mkononi. Hakukaa. Akasema kamati imekaa na imeona kwamba namba ile haihesabiwi katika mtaa wa watu wenye heshima, kwa hiyo baada ya mia na sita ni mia na kumi, Bikira atakwenda kwake, kisha mia na kumi na mbili. Ila, akasema, yeye si mtu mbaya. Kuna njia. Yule kijana wa maziwa asionekane. Derlis naye apumzike kidogo, aende akamsalimie mama yake Buenos Aires, mwezi mmoja, miwili, arudi mambo yakiwa yamepoa. Halafu yeye mwenyewe atamwita fundi nibadilishiwe kibao, niwe mia na kumi A.

"Na mia na nane utampa nani?" nikamuuliza.

"Hakuna. Itatupwa."

"Ni yako ile, Don Cantalicio. Ilipangwa kwako, nikakutunzia, wala sijaja kukurudishia."

Akawa mwekundu mpaka masikio. Kofia aliyoishika mkononi akaivaa, na ule upole wake ukaisha. "Wewe ni mzee, Ña Deolinda," akasema. "Jiulize nani atabeba jeneza lako. Jiulize nani atakuja kusali siku zako tisa. Hao wawili peke yao? Watakuimbia nini?"

Akaondoka. Neno hilo liliniingia, sitasema halikuniingia. Kwetu mtu akifa husaliwa siku tisa, na nyumba isiyo na watu siku hizo tisa ni aibu inayobaki hata baada ya kaburi kuota majani.

Derlis alikuwa bandani, amesikia yote, feni ya watu imekaa mapajani mwake imefunguliwa. Akasema, bila kuinua uso, kwamba ataondoka. Basi la usiku lipo. Akasema mimi nimemsubiri Bikira miaka yote hiyo, yeye hawezi kuwa sababu ya kumkosa.

Nikamwambia, "Wewe ni mwenye nyumba. Bikira ni mgeni. Toka lini mwenye nyumba akatoka kumpisha mgeni?"

Feni aliimaliza, akaijaribu, ikazunguka.

Jumapili ya zamu, kama kawaida, Zunilda alimpeleka Bikira misani asubuhi, na baada ya misa watu wakatoka naye kumpeleka nyumba mpya. Kanisa liko juu, mtaa unashuka. Maana yake, wakitoka huko wanaanza kupita kwangu ndipo wafike kwa Cantalicio. Nilijua hivyo. Nikatoa meza nje, nikaiweka pale langoni kabisa, kitambaa cheupe, maua, mshumaa. Nilisema kama wanapita, watapita wakiiona.

Arnaldo alifika kabla yao. Alikuja kwa barabara, katikati ya mchana, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza, kapu la chipa za moto begani. Akaingia kwa mlango wa mbele. Ng'ambo ya barabara dirisha likafunguka, jingine likafungwa. Derlis akampokea kapu, wakasimama pamoja nami nyuma ya meza.

Tukawasikia wakija. Wimbo ulikuwa mwembamba, bila gitaa, kila mmoja ameshika sauti yake. Mbele alikuwa Don Cantalicio anatembea kinyumenyume, anaelekeza kwa mikono kama anayesaidia lori kuegesha, na macho yake yako kwa Zunilda tu. Zunilda amekumbatia kisanduku kwa mikono miwili. Alitembea anatazama chini.

Walipokuwa mbele ya lango, Derlis akatoka akasimama katikati ya barabara mbele yake, akakutanisha viganja vyake kifuani kama tunavyofundisha watoto wetu.

"Baraka, mama," akasema.

Hapo kila mtu alisimama. Kwetu mtoto wa ubatizo akikutana na mama yake humwomba baraka, iwe sokoni, iwe kituo cha polisi, hata kama wamegombana hawasemeshani. Na mama huinua mkono akajibu. Asipojibu, ni sawa na kumwachia mtoto aanguke ndani ya yale maji. Sijawahi kuona mtu asijibu. Nimeona mwanamke anajibu akiwa na uchungu wa kuzaa.

"Pita, Zunilda," Don Cantalicio akasema.

Zunilda alikitazama kisanduku. Mikono yote miwili ilikuwa kazini. Akatazama kushoto kulia, na meza yangu ilikuwa hapo, karibu yake. Akamweka Bikira juu ya kitambaa changu. Nilimwona Bikira usoni, vumbi kidogo kwenye kioo. Zunilda akageuka, akainua mkono.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema, sauti ndogo, lakini walisikia wote.

Ingeishia hapo, labda tungebaki na kitu. Lakini Arnaldo akatoka nyuma ya meza. Yule mtu wa maneno machache. Akasimama ubavuni mwa Derlis, akakutanisha viganja.

"Na mimi, mama."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mke wa mtoto wako wa ubatizo naye huwa mtoto wako, na humwomba baraka mama yuleyule. Alichoomba Arnaldo kilikuwa hicho, mchana kweupe, mbele ya kamati nzima.

Nyuma kule mtu mmoja akatema mate. Mwingine akasema, "Haya hesabuni, mia na nane mara mbili, mia mbili na kumi na sita," na kicheko kikapita katika kundi, cha wanaume na cha wanawake, na wengine waliocheka nimewalea watoto wao wakiwa na surua. Don Cantalicio hakucheka. Alimsogelea Zunilda akamwambia karibu na sikio, lakini si kwa siri, "Huyo si wako. Huyo hukumshika majini. Ukimbariki huyo, Zunilda, na wewe hamia mia na nane."

Mkono wa Zunilda ulikuwa bado uko juu. Niliuangalia ule mkono. Umenifunga mtoto kitovu, ule mkono, umenipa maji nikiwa na homa. Ukashuka. Akaufuta kwenye gauni lake kama uliokuwa na unga. Akainama mezani, akamchukua Bikira, na mkono wa gauni ukauzima mshumaa.

"Nisamehe, komadre," akaniambia mimi. Upande wa Arnaldo hakutazama.

Wakaenda. Wimbo wakauanza upya kwa nguvu zaidi, watu wakipita pembeni ya wale vijana wawili kama maji yanavyopita pembeni ya jiwe, na mama mmoja alimvuta mwanawe upande wa pili asiwaguse.

Arnaldo alibaki amesimama, viganja bado vimekutana. Mikono ya kubeba makopo ya maziwa, imepasuka pasuka kwenye vifundo. Derlis akamwambia taratibu, twende ndani. Hakwenda. Akamshika kiwiko. Hakwenda. Hakuwa analia, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa ameomba, anasubiri kujibiwa, basi. Nikaona huyu atasimama hapa mpaka giza, na watu watakuwa na cha kusimulia.

Nikatoka nyuma ya meza. Miguu yangu si ya haraka, na kundi lilikuwa limefika kwenye lango la Cantalicio, linabanana kuingia. Nikasubiri kidogo wimbo ufike mwisho wa ubeti, wavute pumzi. Nikainua mkono.

"Mungu akubariki, mjukuu wangu," nikasema. Sauti yangu bado ninayo. "Wewe na Derlis, nyote wawili, wajukuu wangu."

Vichwa viligeuka. Kisha lango la Don Cantalicio likafungwa, nikasikia na komeo.

Bikira alikaa kwake wiki yake, halafu akaenda mia na kumi na mbili, na anaendelea kupanda. Jioni za ile wiki walipokuwa wanasali rozari uani kwake, sisi watatu tulikaa upande wetu wa ukuta na kuitikia pamoja nao, Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu. Siku ya kwanza walifikiri tutachoka. Siku ya pili Don Cantalicio akaleta kipaza sauti. Friji haziletwi tena bandani; Derlis anazifuata mitaa ya mbali kwa pikipiki. Kanisani wamepata kijana anayejua nyimbo nne. Zunilda asubuhi anakunywa tereré yake peke yake, namwona kutoka kwangu, na yeye ananiona. Kama atakuja kwenye siku zangu tisa, sijui, wala sitakuwepo kumhesabu.

Arnaldo amehamia. Asubuhi ya kwanza aliniomba baraka jikoni, kwa haya, mlango umefungwa, maziwa motoni yanataka kumwagika. Nikamwambia hapana, mwanangu, si humu. Nikachukua kiti changu nikatoka nacho langoni, saa ile watu wanakwenda kununua mkate.

Tunafanya hivyo kila siku sasa. Yeye anasimama mbele yangu na viganja vyake vimekutana. Mimi natazama barabarani. Wengine wanavuka upande wa pili, Don Cantalicio huvuka tangu kule kwenye kona. Wengine hawavuki, wanakuja wamekunja uso. Nawangoja, mpaka wawe karibu kiasi cha kusikia vizuri, ndipo nainua mkono.